Mkunjo wa Ziada

Kiwandani walimwita Jicho, na jina hilo hakulipata kwa urembo. Kazi yake ilikuwa kukagua vitabu kabla havijaenda kushonwa.

Karatasi kubwa ikishachapwa hukunjwa mara tatu, ikawa kijitabu cha kurasa kumi na sita. Hicho wao hukiita mkunjo. Mikunjo hupangwa juu ya meza ndefu, rundo baada ya rundo, na wanawake watano huizunguka meza wakiokota mmoja mmoja kwa mpangilio, mpaka kitabu kizima kinakaa mkononi. Kwenye mgongo wa kila mkunjo pana alama nyeusi, ndogo kama punje ya mchele. Ya mkunjo wa kwanza iko juu kabisa, ya pili chini yake kidogo, na kuendelea, hivyo kitabu kilichokamilika huonyesha ngazi nyeusi inayoteremka mgongoni. Jicho hakusoma kitu. Alipitisha macho kwenye ngazi. Ikikatika, kuna mkunjo umesahaulika. Alama mbili zikikaa usawa mmoja, basi mikunjo miwili ilishikana na mwokotaji kaichukua pamoja akidhani ni mmoja.

Hilo la kushikana lilitokea zaidi siku za unyevunyevu.

"Nani tena huyo kachukua miwili?" fundi wa gundi alikuwa akipaza sauti kutoka pembeni. Wote walimwita Gundi tu. "Mwenye tamaa ajitaje!"

"Si wewe uliyetuwekea karatasi mbichi?" wanawake walikuwa wakimjibu, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole huku wakicheka.

Jicho hakuwahi kumtaja mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kutajwa. Mkono hauhisi tofauti. Alichomoa mkunjo wa ziada, akaurudisha kwenye rundo lake, mambo yakaisha. Kile kilichompita kikashonwa, hicho kilikwenda kwenye sanduku la kasoro.

Nyumbani hakuwa Jicho. Nyumbani alikuwa Mama Bosi.

Bosi alikuwa binti yake wa miaka mitatu. Jina lilitoka kwa baba yake, fundi wa majokofu, ambaye alisema mtoto asiyesema sana lakini akinyoosha kidole kila mtu anakimbia, huyo ni bosi wa kuzaliwa. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yake yalikuwa kama kumi na mbili, matatu kati ya hayo yakiwa "hapana". Macho yake yalipanda kidogo kwenye pembe za nje, na katika kiganja chake palipita mstari mmoja ulionyooka. Siku aliyozaliwa, mkunga alikiangalia kiganja kile, akaenda kumwita daktari. Daktari alisema haraka haraka kwamba ni hali ya Down, kwamba moyo upimwe, kwamba mama asikate tamaa, halafu akaitwa chumba kingine. Moyo ulipimwa, ukakutwa na kitundu ambacho kilijiziba chenyewe. Maswali mengine hayakupata wa kuyajibu, nayo yakahamia sebuleni kwa mama mkwe.

Waliishi kwa mama mkwe, mjane aliyekuwa karani wa posta, mwenye sebule ambamo vitambaa vya makochi havikuthubutu kukunjamana. Hakuwa mkatili kwa mtoto. Alimlisha, akamwogesha, akamsuka. Lakini mlango ukibishwa alikuwa akisema, "Mama Bosi, hebu mpeleke mtoto akapumzike," na mama na mtoto walikwenda kukaa kitandani chumba cha nyuma, wakisikiliza vikombe vikigongana huko mbele. Bosi alinyoosha kidole mlangoni. Mama yake alimwambia, bado kidogo.

Mwaka ule binti wa mwisho wa nyumba ile alipata mchumba, na wazazi wa mchumba wakatuma habari kwamba Jumamosi wangekuja kutembea.

"Wale watu watauliza," mama mkwe alisema. "Nami siwezi kusimama mbele yao bila jibu. Hili jambo lina upande. Ama ni kwetu, ama ni kwenu."

"Mama, kwetu hayupo mwenye hali hii."

"Kwetu nani kakwambia yupo?" Mama mkwe alijibu upesi mno, kisha akainuka kunyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka tayari.

Wifi mwenyewe, bibi harusi mtarajiwa, alimfuata Mama Bosi jikoni akiwa amejikumbatia. "Wifi, usinielewe vibaya. Mimi nampenda Bosi. Ila na mimi nitazaa."

"Nimekuelewa," Mama Bosi alisema, na kweli alimwelewa. Yeye mwenyewe alitamani mtoto wa pili, na kila mwezi aliogopa, akaahirisha.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata mumewe. Miezi mitatu ya mwanzo ya mimba ile, Gundi wa kiwandani aliumwa, na Mama Bosi ndiye aliyekaa kwenye sufuria ya gundi badala yake. Harufu ilimtapisha. Angeweza kukataa, hakukataa. Kwa miaka mitatu alikuwa akijihukumu.

Hospitali kubwa ya mji ilikuwa imepata mtaalamu wa vinasaba, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wiki nne kabla alimtoa Bosi damu, akaipeleka kupimwa. Alhamisi majibu yalikuwa tayari. Mama Bosi alitarajia kwenda na mumewe, lakini asubuhi alimkuta mama mkwe amesimama kwenye kibaraza, viatu vya kutokea miguuni, mkoba kwapani.

"Baba Bosi aende kazini kwake," alisema. "Tunakwenda mimi na wewe."

Kwenye chumba cha mtaalamu Bosi alipewa spatula mbili za mbao, zile za kubonyezea ulimi, akaanza kuzipiga mezani. Mtaalamu alitoa karatasi yenye picha.

"Mama, mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo sana. Ndani ya kila chembe kuna kromosomu, vitu kama vijiti, vinavyobeba maagizo ya kuujenga mwili. Kwa kawaida zinakuwa arobaini na sita. Zinakaa mbili mbili, moja ya baba, moja ya mama. Hapa tumezipiga picha na kuzipanga kutoka kubwa mpaka..."

"Hapa pana tatu," Mama Bosi alisema.

Mtaalamu alisimama katikati ya sentensi. Kidole cha Mama Bosi kilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa picha, juu ya vijiti vidogo kabisa.

"Umewahi kufundishwa hivi vitu?"

"Hapana. Kazini natafuta kilichojirudia."

"Basi umenimalizia kazi. Hiyo ni namba ishirini na moja. Ikiwa tatu badala ya mbili, hiyo ndiyo hali ya Down. Down ni jina tu la daktari aliyeieleza zamani. Si kuambukizwa, si laana, wala si homa ya kusema itapona."

Mama Bosi aliisogeza picha karibu. "Wakati wa kugawanywa, mbili hazikuachana. Zilishikana, zikaokotwa pamoja."

"Hasa. Yai linapotengenezwa, au mbegu ya baba, kila jozi inatakiwa kuachana. Hii haikuachana. Mara nyingi hutokea kwenye yai, mara chache upande wa baba."

"Aha," mama mkwe alisema. "Yai."

"Bibi, subiri." Mtaalamu alivua miwani. "Kutokea kwenye yai si kosa la mwenye yai. Hakuna chakula kinachofanya hivyo, wala hasira, wala kushtuka. Umri wa mama ukisogea uwezekano huongezeka, ni kweli. Lakini wasichana wa miaka ishirini nao wanazaa watoto wa hali hii, kwa kuwa wao ndio wanaozaa kwa wingi."

Mama Bosi aliuliza, "Na harufu ya gundi?"

"Gundi gani, mama?"

Akasimulia. Alisimulia akiwa ameinama, na alipomaliza spatula za Bosi zilikuwa zimenyamaza.

"Siku unakaa kwenye hiyo sufuria," mtaalamu alisema polepole, "jambo hili lilikuwa limekwisha kutokea. Lilitokea kabla hujajua kama una mimba. Umejibebesha mzigo usio wako."

Mama Bosi aliuliza tu, "Haiwezi kuchomolewa? Hiyo ya tatu?"

"Haiwezi. Iko katika kila chembe yake. Atajifunza, ila kwa mwendo wake. Atahitaji kupimwa masikio, macho, tezi ya shingo. Atahitaji shule itakayomvumilia. Lakini kuchomoa, hapana."

Kazini kwake, kilichokwisha kushonwa na kasoro yake kilikwenda kwenye sanduku. Alimtazama binti yake aliyekuwa akimpa mtaalamu spatula moja na kumwonyesha kwa kidole jinsi ya kupiga.

Mama mkwe alikohoa. "Sasa, je, jambo hili hutembea katika ukoo?"

"Kuna aina moja, ya watu wachache, ambapo kromosomu hiyo ya ziada imejibandika kwenye nyingine. Hiyo huweza kurithiwa kwa mzazi ambaye mwenyewe ni mzima. Ndiyo maana tumepima. Kwa mtoto huyu..."

"Imesimama peke yake," Mama Bosi alisema, kidole bado kiko pale. "Haijabandikwa popote."

"Imesimama peke yake. Hii hairithiwi. Mkitaka mtoto mwingine, uwezekano wa kujirudia ni mdogo, kama mmoja kati ya mia kwa umri wako. Na shangazi mtu hana cha kuogopa zaidi ya mwanamke mwingine yeyote."

Mama mkwe aliufungua mkoba wake, akaufunga. "Na kama mtu alikuwa na ndugu wa namna hii?"

"Ndugu wa nani, bibi?"

"Wa mtu."

"Huyo mtu yuko humu chumbani?"

Bosi alipiga meza mara moja.

"Mdogo wangu," mama mkwe alisema. "Wa kiume. Macho hivi hivi, ulimi hivi hivi. Alikufa ana miaka tisa, kifua. Wageni wakija, mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka nyuma. Kila wageni wakija. Nikaolewa bila kumtaja. Mume wangu amekufa hajui." Alimgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakuwa ya karani aliye nyuma ya dirisha. "Nilikuwa nakuuliza wewe upande gani, mwanangu, huku naomba iwe kwenu."

Mtaalamu alieleza kwamba ya yule mtoto wa zamani hakuna awezaye kuyapima leo, lakini hii ya mjukuu haikutoka kwake. Mara mbili katika nyumba moja, bila kurithishana, huweza kutokea. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama anayepokea barua nyingi kwa mara moja.

Kesho yake, Ijumaa, mvua ilinyesha na karatasi zikashikana kuliko kawaida. Kitabu kimoja kilikuwa kimempita Jicho kikarudi kimeshonwa, alama mbili mgongoni usawa mmoja. Alikaa nacho mkononi muda mrefu.

"Kasoro hiyo, tupa sandukuni," Gundi alisema. "Au unakisoma? Leo umejua kusoma?"

"Nakihesabu," alijibu. "Hakijapungua ukurasa." Kisha akakiweka sandukuni, maana kazi ni kazi, na mtoto si kitabu.

Jumamosi mlango ulibishwa saa kumi. Mama Bosi aliinuka bila kufikiri, akamshika Bosi mkono, akafika naye nusu ya ukumbi.

"Mnakwenda wapi?" sauti ya mama mkwe ilimkuta mgongoni. "Mtoto akae. Mwekeeni mto kwenye kochi kubwa, anateleza."

Wageni waliingia, wakasalimiana, wakakaa. Mama wa mchumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimtazama Bosi kwa muda. Wifi akashikilia sinia kana kwamba litamponyoka.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Mjukuu wangu," mama mkwe alisema. "Ana hali ya Down. Na mdogo wangu mimi alikuwa nayo, Mungu amrehemu. Nimekwambia kabla hujaniuliza."

Mgeni aliweka kikombe chini. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama zulia.

"Samahani, dada, nitauliza kama mama," alisema hatimaye. "Hutokea upande gani?"

Mama mkwe alimgeukia mkwewe. "Mwulize huyu. Ndiye aliyeiona kwa macho."

Bosi akanyoosha kidole kumwelekea mgeni, kisha kwenye nafasi iliyo wazi kando yake kochini. Mgeni akasita. Bosi hakukishusha kidole. Mwishowe mwanamke yule akainuka na kikombe chake, akahamia pale alipoamriwa.

Mama Bosi alichukua kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa chini ya meza, akachana ukurasa, akaukunja mara tatu mbele ya watu wote.

"Kazini kwetu," alianza, "kuna siku karatasi zinashikana."