Niliiamkia Milima ya Watu

Wakati wetu, sisi tuliolelewa milimani Litembo, salamu ilikuwa kazi ya kwanza ya siku, kabla hata ya kunawa uso. Ulitoka nje na baridi yako, ukungu umelala kwenye mibuni, ukamkuta bibi anachochea moto, ukasema shikamoo. Ukienda kuteka maji uliamkia njia nzima. Ukichelewa shule kwa sababu ya kuamkia, mwalimu alikuchapa, na yeye pia ulikuwa umeshamwamkia. Leo watoto wa wadogo zangu hunitumia "xkamoo" kwenye simu, hata herufi zinawachosha. Nami huwajibu marahaba, nikiiandika yote.

Wa rika langu wataikumbuka miaka ile biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilianza kushuka Mbinga kwa marobota, tukaacha kuvaa viraka. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda hadi vijijini na malori yao, sisi watoto tukiyakimbiza kwa nyuma, midomo mitamu kwa buni mbivu tulizozifyonza. Nyuma ya malori walikuja watu wa ng'ambo ya ziwa kutafuta maharage. Mmoja wao, kijana mpole wa Malawi, safari ya kwanza aliondoka na maharage, safari ya pili akamposa dada yangu Otilia.

Otilia alinizidi sana umri. Mgongo wake naukumbuka kuliko wa mama, kwa sababu yeye ndiye aliyenibeba. Alipoolewa, akakaa Malawi mwaka mmoja na kupata ujauzito, akaomba nipelekwe nikamsaidie. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jina langu halikuwamo kwa waliochaguliwa, basi sikuwa na cha kuacha. Mama alinisindikiza hadi Mbamba Bay. Meli ilipokaribia aliniambia jambo moja tu: "Usimpite mtu mzima bila kumwamkia. Nisije nikasikia huko kwamba nimezaa bubu."

Kijiji chao kilikuwa mbali kusini, kando ya ziwa, mchanga hadi mlangoni. Mimi nilizoea nchi iliyosimama. Ile ilikuwa imelala. Asubuhi ya kwanza nilimwendea mama mkwe wa dada, ambaye watoto wote walimwita Agogo, yaani bibi. Nikapiga goti, nikasema shikamoo. Alinitazama kidogo, akaendelea kufagia. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akaacha ufagio, akaita watu wa ndani waje waone.

Sikukata tamaa, maana mama alikuwa ameniagiza. Nilimwamkia kila mtu mzima niliyekutana naye, na hakuna aliyejua neno la kunirudishia. Jirani mmoja, mama mnene mwenye huruma, aliingia ndani akatoka na kipande cha muhogo wa kuchemsha, akaniwekea mkononi. Nikapokea kwa mikono miwili. Kesho yake nikamwamkia tena, akanipa tena, safari hii kidogo. Aliyenijibu marahaba alikuwa dada peke yake, na dada naye alikuwa mtu wa kimya. Alimwogopa mkwewe, hakuongea naye mpaka aulizwe.

Kila asubuhi nilipelekwa ziwani kuosha vyombo. Siku za hewa safi niliona milima ng'ambo, ya bluu, na jua likitokea nyuma yake. Nilifurahi sana. Nikasema ile ni kwetu, mama sasa hivi anatoka nje na jembe lake. Nilihakikisha hakuna mtu karibu, nikapiga goti kwenye maji, nikaiamkia. Nilifanya hivyo asubuhi nyingi. Milima haikujibu, lakini yenyewe haikunitazama kama kichaa.

Jioni moja nikamwuliza shemeji kilele kipi ndicho kiko juu ya Litembo. Alijua Kiswahili cha kununulia maharage. Alitazama ng'ambo muda mrefu, nadhani alikuwa akitafuta namna ya kunidanganya, akashindwa.

"Shemeji, ile ni Msumbiji," alisema. "Kwenu ni kule juu, kaskazini. Toka hapa hakuonekani."

Kumbe siku zote hizo nilikuwa napigia goti milima ya watu. Kesho yake niliosha vyombo nimeligeuzia ziwa mgongo.

Mambo hayo ya ugeni yalikuwa mengi, mengine ya kuchekesha. Siku moja Agogo alinipa beseni na maelezo marefu, nami nikashika neno moja tu: chambo. Nilimwona shemeji akitengeneza ndoana, nikajua chambo kinatakiwa. Nikaenda kwenye migomba, nikachimba minyoo iliyonona, nikaifunika kwa jani na kumpelekea nikiwa nimepiga goti. Kumbe kwao chambo ni samaki, tena samaki mwenyewe anayesifiwa, na Agogo alikuwa ameshabandika chungu. Dada alicheka mpaka akaketi chini na tumbo lake. Mimi wa milimani samaki nilimjua akiwa dagaa mkavu sokoni. Ningejuaje kwamba ana majina?

Baada ya kicheko kile dada alianza kuzungumza sana habari za nyumbani. Alitamani maharage yetu mabichi. Mvua zilipokaribia kuisha tukapata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, tukalima kama tulivyofundishwa: tukapanga nyasi miraba miraba, tukachimba shimo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo wake, tukapanda maharage kwenye kingo. Ngolo. Kwetu miteremkoni ngolo huzuia mvua isibebe shamba. Pale hapakuwa na mteremko wowote, lakini mikono yetu haikujua kulima kwingine. Tulifanya kazi siku ile bila kuongea, nami kwa mara ya kwanza sikuwa mgeni.

Mvua ikanyesha, maji yakasimama mashimoni. Majirani wakaja kutazama. Yule mama wa muhogo akauliza ni akina nani wamekufa, mbona yamechimbwa makaburi ya watoto nyuma ya nyumba ya mjamzito.

Agogo alikasirika kweli. Alimwita dada uani, mbele yangu, na kwa mikono yake nilielewa kabla dada hajanieleza. Mtoto huyu hafai. Anaombaomba kijijini kila asubuhi, analeta minyoo jikoni, sasa anamchimbia mjukuu wangu makaburi. Arudishwe na meli ijayo.

Nilitaka sana kurudi. Nasema ukweli, moyo wangu uliruka. Kisha nikamtazama dada. Alikuwa ameshika nguzo ya jiko, na akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe: akamjibu mkwewe. Aliongea polepole kwa lugha yao, na baadaye alinisimulia maneno yake yote.

"Mama, haombi. Anawaamkia. Kwetu mtoto akisema hivyo, mkubwa anajibu. Amewaamkia tangu aje, na hakuna aliyemjibu. Akiondoka, mimi nitaongea na nani?"

Agogo aliuliza mkubwa anajibu nini. Dada akamwambia. Agogo akaingia ndani, na sisi tukafukia mashimo tukiwa hatujui tumehukumiwa vipi. Maharage yalikuwa yameshaoza.

Asubuhi nilitoka nikamkuta Agogo anafagia. Nilipiga goti kwa mazoea tu, nikasema shikamoo kwa sauti ndogo. Hakuinua kichwa.

"Malahaba," alisema, akaendelea na ufagio.

Nililia pale pale mchangani, naye akanizunguka akifagia pembeni yangu. Meli ilikuja ikaondoka. Nilikaa mpaka mtoto wa dada akaanza kutembea.

Mtoto huyo sasa ni mama mzima. Mwaka huu, baada ya Pasaka, alinipigia simu. Zamani habari kama ile ingetafuta meli kwanza, ningepata siku kadhaa zaidi za kuwa na dada. Siku hizi inafika kabla mtu hajapoa. Alisema shikamoo mama mdogo, nikaitikia, ndipo akaniambia. Otilia amezikwa huko, kwenye ardhi tambarare.

Sasa mimi ndiye mkubwa katika watoto wa mama. Nikitoka nje naamkiwa, nikienda kanisani naamkiwa, simu yangu imejaa hizo xkamoo. Marahaba zangu ni nyingi, na nyumbani kwetu sina tena wa kumwamkia. Njia ya shambani kwangu, huku Litembo, ina mahali ambapo asubuhi ya hewa safi ziwa huonekana kama utepe. Huweka jembe chini, nikageukia kusini, nikasema shikamoo dada. Safari hii upande sikosei.