Pazia Lililonuka Maua

Ulikuwa ule mwaka unga ulipanda bei mpaka sisi Wakamba wa Kibera tukarudia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, asubuhi na jioni, na hata jirani zangu Waluhya, watu wa ugali, wakaanza kuomba sahani. Nilibeba sufuria ya muthokoi kutoka kwangu Soweto East, kwenye maghorofa ya Kibera, hadi mtaa wa Kongo, kule Kawangware, nimwone mjukuu wangu wa miaka mitatu. Nilikuwa nimesikia anakohoa.

Sijafika mlangoni, harufu ikanigonga puani. Mke wa mwanangu hufulia watu nguo. Zikianikwa nje zinaibiwa, kwa hivyo huzitundika ndani, juu ya kitanda, juu ya jiko, na zikikawia kukauka zinanuka uvundo. Kuuficha, alinunua softena, yale maji ya kulainisha nguo, ya kupimiwa kwenye mtungi, ya zambarau kama wino. Hakuwa akizisuuza; kusuuza, alisema, ni kumwaga manukato. Hata pazia la kukinga kitanda alilichovya humo, akalitundika bila kulikamua. Lilichuruzika kama pua ya ng'ombe mgonjwa. Nilikanyaga sakafu, kiatu kikanata.

"Mum, nyumba inanukia ama hainukii?"

"Inanukia kama matanga ya tajiri."

Akacheka. "Wewe umezoea moshi tu."

Nikaonja muthokoi yangu mwenyewe, ikaniingia mdomoni na ladha ya maua. Nikatema. Nyuma ya pazia mtoto alikuwa amelala, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Damu yangu hiyo, inavuta hewa kupitia lile tambara! Nikamfunga mgongoni, nikatoka, mama yake nyuma yangu, mpaka zahanati.

Muuguzi alimvutisha dawa ya kufungua kifua. Akasema huenda ni harufu ya vitu vya kufulia, huenda ni unyevu, huenda ni moshi wa jiko; hawezi kuapa ni kipi, ila mtoto atolewe humo kwanza. Nikampeleka Kibera. Kwangu nafua na sabuni ya kipande, nasuuza mpaka maji yawe maji. Wiki haikuisha, filimbi ikanyamaza. Akaanza kunikimbia nikimwita kuoga.

Jumapili mama yake akaja kumchukua, amependeza, anatoa ile harufu mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Umetoa pazia?"

"Mum, nikiacha softena wateja watasema nguo zao zinanuka uvundo. Nitakula nini?"

"Zilete uanike hapa kwa balcony, nitakaa nizichunge. Lakini mtoto harudi kwa hiyo harufu."

"Nilimzaa mimi, si wewe!"

"Ulimzaa, tena vizuri. Mtoto harudi kwa hiyo harufu."

Akaanza kulia. "Watu wa kanisa watasema umeninyang'anya mtoto."

"Waje, niwaambie hivi hivi: mtoto harudi kwa hiyo harufu."