Nilivyostaafu Nyuma ya Pazia la Mama

Kwetu Mwanza mtu haondoki bila kuagwa. Ukihama mtaa utaagwa, ukihamishwa kazi utaagwa, hata ukienda kozi ya miezi mitatu Morogoro kuna mtu atanunua kreti ya soda. Sasa mfikirie muuguzi wa miaka arobaini na miwili, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, mkazi wa Nyakato kwa miaka kumi na tano, anakwenda kufanya kazi Ujerumani. Nisingeweza kutoroka kimyakimya hata kama ningetaka. Na kusema kweli sikutaka. Nilitaka keki.

Keki niliipata. Ilikuwa na umbo la ndege, na bawa moja lilikuwa limevunjika ndani ya bajaji likaegemezwa kwa vijiti vya meno. Akina mama wa kanisani walishona sare ya kitenge cha kijani. Mshereheshaji alipiga kelele kuanzia saa nane hadi jua linazama. Mama yangu, mwenye miaka sabini na sita, alikuja kutoka kijijini, akaweka maji mdomoni na kunipulizia kifuani kama wazee wa kwetu wanavyobariki. Nililia mpaka wanja ukafika shingoni. Ilikuwa sherehe nzuri sana, na ilikuwa na kasoro moja tu: viza ilikuwa haijatoka.

Msinicheke. Wakala aliyekuwa akinishughulikia alisema kila kitu kiko tayari, umebaki muhuri. Ukumbi wa kanisa nao ulikuwa wazi Jumamosi ile moja, baada ya hapo ni harusi mfululizo. Nikaona hakuna ubaya, niagwe kwanza, muhuri utanikuta.

Hesabu zangu nilikuwa nimezipiga vizuri, msidhani nilikurupuka. Hapa ningestaafu na miaka sitini, magoti yakiwa yameishia wodini, maana kuna siku nilikuwa peke yangu na wagonjwa arobaini na kila mmoja ananiita "sista" kwa sauti yake. Kule ningefanya kazi miaka kumi kwa zamu zinazoeleweka, nipumzike kama binadamu, halafu nirudi na miaka hamsini na miwili, mapema kabisa, nikae na Mama kando ya ziwa tukiangalia maji bila haraka. Mwanangu wa pekee yuko chuo Dodoma na amefikia umri wa kunishauri. Mume sina, hilo lina hadithi yake na si ya leo. Nilipomweleza Mama mpango huo alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Vizuri."

Jumatatu baada ya sherehe wakala akapiga simu. Cheti changu kimoja kimetafsiriwa vibaya, kinatakiwa kitafsiriwe upya, na maombi yatarudi mwisho wa foleni. Nikamuuliza, kwa muda gani? Akasema, "Tuvute subira tu, dada." Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku katikati ya chumba kitupu. Kazi nilishaacha. Kitanda na friji nilishauza. Nyumba ilikuwa ya kupanga na mpangaji mpya alikuwa anaingia kesho yake. Watu wote niliwaambia wasinisindikize kwa sababu naondoka alfajiri na basi la Dar. Kama viza ingekataliwa, basi nimekwisha: sina kazi, sina pa kulala, na Nyakato nzima imevaa sare ya kuniaga.

Nikavaa kofia, barakoa na miwani ya jua, nikakodi teksi hadi kwa Mama, ng'ambo, kijiji kimoja cha kando ya ziwa ukishavuka Busisi. Enzi za kivuko ningeumbuka, kwa sababu kwenye foleni ile ulikuwa unakutana na nusu ya Mwanza. Daraja lina adabu yake. Unavuka, huulizwi kitu. Dereva peke yake ndiye aliyeniangalia kwenye kioo na kuniuliza kama naumwa.

Mama alikuwa anamenya karanga kwenye ungo. Alinitazama mimi, akalitazama sanduku.

"Wamekukataa?"

"Shikamoo, Mama. Hawajanikataa. Bado hawajanikubali."

"Marahaba. Umekula?"

Nilimwambia mtu yeyote asijue nipo. Mama akaweka ungo chini. Akasema yeye ni msoma masomo kanisani, hawezi kusema uongo. Nikamwambia asiseme uongo, asiseme kitu. Tukakubaliana hivyo, na mimi nikaingia chumba cha ndani, kile chenye pazia la maua badala ya mlango.

Kilichofuata sikukitegemea. Kesho yake majirani walianza kuja kumpa Mama pole. Mtoto wake ameenda mbali, mama wa watu amebaki peke yake, na kwetu huwezi kwenda kumpa mtu pole mikono mitupu. Akaja mmoja na kuku. Akaja mwingine na mayai kwenye kibuyu. Akaja mzee jirani na sato wawili wanaopapatika, akakaa sebuleni kwa huzuni kubwa.

"Pole sana. Watoto wakifika huko hawarudi. Wanatuma picha."

"Huyu wangu nitamwona mapema tu," Mama akasema.

"Ndiyo imani hiyo, mama. Ishike."

Mimi niko nyuma ya pazia nimeng'ata kanga nisicheke. Mchana nikala sato wa mzee yule na ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, sato wote wawili, kichwa na mkia. Wiki ile ya kwanza nilikula pole za kijiji kizima. Mama alikuwa anazipokea kwa unyenyekevu, anasubiri mgeni apotee kwenye kona, kisha anakuja kunifunulia pazia na kusema, "Haya, kuku wako amefika."

Usidhani nilikuwa na amani. Wiki ile simu nilikuwa naifungua kabla sijafungua macho. Nikiona ujumbe wa wakala naruka kitandani, kumbe anaomba nakala nyingine ya kitambulisho. Akina mama wa Nyakato nao walikuwa wananiandikia: "Umefika salama? Kuna baridi?" Nikajibu, "Asubuhi kuna kibaridi," na haukuwa uongo, upepo wa ziwani alfajiri unauma. Mmoja akaomba picha ya barafu. Nikamwambia msimu wake bado.

Lakini mwili wa binadamu hauna aibu. Wiki ya pili nikaanza kulala mpaka saa tatu. Mimi, ambaye kwa miaka ishirini nimeamka saa kumi! Nilikuwa naamka nakuta Mama ameniwekea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, nakula kitandani, halafu tunapiga soga kupitia pazia, yeye sebuleni, mimi ndani. Nilicheka na mama yangu kwa siku zile kuliko nilivyocheka naye kwa miaka kumi ya kumtembelea Krismasi na kuondoka kesho yake. Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba wakati wa usichana wake alishawahi kumkimbia mchumba kwa kupanda juu ya mawe ya ziwani na kukaa huko siku nzima. "Kwa nini?" nikamuuliza. "Alikuwa anakula polepole," akasema.

Nilipochoka na kukaa ndani nilianza kutoka kwenda shambani nyuma ya nyumba, nimejifunga kitambaa kichwani, nimeinama kwenye mihogo. Jirani mmoja akapita mbali barabarani, akanipigia "Mwadila!" ya mchana kama Msukuma yeyote mwenye adabu, nami nikaitikia kwa sauti ya kukoroma. Jioni alikuja kumwambia Mama, "Hongera, umepata dada wa kazi. Anajua jembe. Ila mnene, na ana kiburi kidogo." Mama akamjibu kwamba ameletewa na Mungu na hawezi kuchagua. Nilikasirika kwelikweli. Mnene!

Wiki ya nne ndiyo wakaja wao. Sikujua. Nilisikia gari linasimama, nikasikia vigelegele, nikawahi nyuma ya pazia. Ni akina mama wa Nyakato, saba, na mwenyekiti wao mbele, wamekodi gari dogo kuvuka kuja kumfariji mama mzazi wa mwenzao. Wamevaa sare ya kijani. Wamebeba mchele, sukari, sabuni, na kitu kibaya kuliko vyote: flashi yenye video ya sherehe, ili Mama aione na moyo wake utulie.

Wakaichomeka kwenye runinga. Mimi kupitia tundu la pazia nikajiona nikiagwa. Nikamsikia mshereheshaji akisema kiti changu kitabaki wazi na hakuna wa kukikalia, na akina mama sebuleni wakaanza kufuta machozi. Mwenyekiti akamshika Mama bega. "Sasa hivi yuko kazini huko," akasema. "Anahudumia wazee wa Kizungu."

Mama akasema, "Anahudumia wazee, ndiyo."

Ningevumilia hata hapo. Ila kwenye video nikaanza kucheza kuelekea meza ya zawadi. Sikuwa nimejua siku ile, lakini kiatu changu kimoja kilinivuka mguuni katikati ya ukumbi, na mimi nikaendelea na kimoja tu, nimeinua mikono, nachechemea kwa furaha, uso wote wanja, na nyuma yangu mtumishi wa Mungu kakibeba kiatu kile ananifuata akitafuta pa kunivalisha. Kicheko kilinitoka kikubwa kama chafya. Pazia likatikisika. Sebuleni vichwa vyote vikaiacha runinga vikageukia pazia.

Nikatoka. Nifanye nini? Nilisimama mbele yao na kanga mbili na michembe mkononi, na malezi yakanisaidia pale akili iliposhindwa.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," wakaitika wote saba kwa pamoja. Ndipo wakapiga mayowe. Mmoja alitoka nje na sahani yake ya karanga.

Mwenyekiti ndiye aliyerudiwa na sauti kwanza. "Wamekufukuza?"

"Sijafika, mama."

"Mwezi mzima ulikuwa wapi?"

"Humu."

Akanitazama mimi, akaitazama runinga ambako bado nilikuwa nacheza na kiatu kimoja. Nilisubiri anitukane, na haki yake alikuwa nayo. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akateremka kwenye kochi akakaa sakafuni. "Kibaridi cha asubuhi!" alikuwa anasema, anapiga mkeka kwa kiganja. "Msimu wa barafu bado!" Wenzake nao wakaanguka mmoja mmoja. Walipotulia waliniweka jikoni, nikawapikia mchele waliouleta wenyewe, wakala wakaniambia umepungukiwa chumvi. Kabla gari lao halijamaliza daraja, Nyakato yote ilikuwa inajua. Na aibu niliyoiogopa mwezi mzima, nikakuta inabebeka. Watu waliniandikia "pole na hongera," basi.

Baada ya hapo sikujificha tena. Nilienda na Mama kanisani, nikakaa naye mbele, mzee jirani akaniangalia kwa jicho la mtu anayekumbuka samaki wake. Tulinunua dagaa na kuwaanika. Mchana tulikaa kivulini bila kufanya lolote, na bila kufanya lolote siku ikaisha, na ikaja nyingine. Nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtoto aliyefunga shule. Simu niliiacha ndani ya sanduku.

Ijumaa moja asubuhi nikaikumbuka, nikaichaji, ikalia. Viza imetoka. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, nikaruka, nikalivuta pazia mpaka likang'oka, nikakimbia hadi ufukweni nilikomwacha Mama akitandaza dagaa kwenye wavu. "Imetoka! Mama, imetoka!" Mama akapiga vigelegele virefu, vya nguvu, mpaka wavuvi wakageuka. Kisha akakaa juu ya jiwe.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Siku ile ya kukuaga, watu wote waliomba uende upesi. Mimi niliomba ichelewe."

"Viza?"

"Sikujua jina lake. Nilisema, Mungu, chochote kinachoweza kuchelewa, kichelewe."

"Mama! Nimeacha kazi! Nimeuza kitanda!"

"Najua." Hakuinua macho. "Wewe una hesabu yako ya miaka kumi, ndipo uje ukae na mimi. Hesabu nzuri, siikatai. Lakini mimi umeniweka mwishoni, na huko mwishoni sijui kama nitafika. Nikasema, basi nipewe changu mwanzoni."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na kila sababu, na nilijaribu. Badala yake nikawa nacheka na kulia pamoja, kama mwendawazimu, mbele ya wavuvi.

"Uliomba wiki ngapi?"

"Mbili." Akainua vidole viwili vyenye magamba. "Mbili tu, namwogopa Mungu. Hizi zimekuwa saba. Tano zilizozidi si zangu, mimi sijui nani aliziomba."

Ujumbe wa viza ulikuwa umetumwa Jumatano. Ulinisubiri siku mbili, simu ikiwa imezimika ndani ya sanduku, na mimi nikipita hapo asubuhi na jioni kuchukua kanga. Sikumwambia. Niliinama upande wa pili wa wavu tukageuza dagaa, kwa sababu jua lilikuwa limeshakuwa kali na wangekauka upande mmoja.