Nilivyogeuzwa mkalimani kwenye kitubio cha bibi yangu, Matiri

Wakuu, heshima kwenu. Mnaotafuta chai, piteni uzi wa jirani. Haya yalinikuta mwenyewe.

Mimi ni Mmatengo, Mkatoliki wa kawaida tu, dereva wa lori. Kazi hii imenifikisha kwingi. Nimesali misa ya Kichewa kule Malawi, ya Kibemba Zambia, ya Kifaransa Lubumbashi. Sikuelewa maneno lakini sikupotea. Wakipiga magoti unapiga, kengele ikilia unajua mmefika wapi.

Nikajiaminisha kwamba kwetu Wakatoliki lugha si ishu.

Sasa bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa kijijini kwetu Matiri, miguu ikamgomea. Kanisani haendi tena. Padre mpya, kijana wa Bukoba, akawa anawaletea wagonjwa Komunyo nyumbani. Bibi akaikataa. Mara ya pili akaikataa tena. Majirani wakaanza yao.

Nilipokuja likizo nikamuuliza kulikoni. Akasema hawezi kupokea bila kuungama, na kuungama kwa Kiswahili hawezi. Paroko wa zamani alijua Kimatengo, akahamishwa.

Nikamwambia mbona sala zote anasali kwa Kiswahili?

"Sala nilizikuta," akasema. "Dhambi ni zangu mwenyewe."

Nikaenda kumwona padre.

Padre akatueleza kwamba mkalimani anaruhusiwa, ila naye anafungwa na siri vilevile. Katekista akajitolea. Jamani, katekista ni mkwewe, kamuoa shangazi yangu! Mama mkwe afungue moyo mbele ya mkwe? Kwetu hilo halipo. Shangazi naye akajaribu, akaambiwa akapike.

Bibi akaninyooshea mimi kidole. "Mume wangu huyu atatosha."

Mnaujua utani wa bibi na mjukuu, hakuna aibu pale. Nikacheka, nikavuta kigoda nikakaa katikati yao. Nilitegemea vidhambi vya kusengenya majirani.

Alichoungama sitakiandika, hata mkinifuata PM. Niseme tu kwamba ukitafsiri unasema "mimi". Mimi nilifanya hivi, mimi nilificha vile. Dhambi ya mtu inatoka mdomoni mwako kama yako. Sikuruka neno.

Padre akamwondolea dhambi. Bibi akaitikia Amina, kwa Kiswahili safi kabisa. Nikaona tumemaliza, nikainuka.

Akanishika mkono, akasema kwa Kimatengo, "Mungu kasamehe. Na wewe?"

Padre akataka kujua amesemaje. Nikamjibu, "Baba, hili ni langu."

Nilikuwa na hasira, sifichi, maana alichoungama kilinigusa na mimi. Yeye hakuniachia mkono, na padre akatazama mlangoni.

Mwisho nikamwambia, kwa Kimatengo, "Bibi, nimekusamehe." Hapo sikuwa namtafsiria mtu.

Akapokea Komunyo siku ileile. Tulimzika baada ya msimu wa kahawa.

Nilichojifunza ni kwamba misa unaweza kusali kwa lugha ya watu wengine, maneno yameshapangwa. Kutubu unatafuta maneno yako. Na kusamehe vilevile, hilo nililijulia pale kwenye kigoda.

Waliowahi kukalishwa katikati namna hii, shusheni yenu tusome. Ya bibi msiniulize. Ameenda nayo, na mimi nitaenda nayo.