Mwanahawa Hawezi Kuegemea

Wifi yangu Mwanahawa anaogopa kitu kimoja tu: kuwa kama mama yake. Mama yake yuko kijijini Mahurunga. Aliinama kuokota korosho tangu utotoni, mgongo ukaanza kumuuma, kisha mguu wa kushoto ukafa ganzi, na sasa hata chooni anabebwa. Mwanahawa alisoma kwa hasira ili apate kazi ya kukaa. Akaipata, kwa wakala wa korosho pale karibu na bandari ya Mtwara. Akakaa mbele ya kompyuta weee, mpaka mgongo ukaanza kumuuma palepale ulipomwanzia mama yake.

Aliniambia mimi peke yangu, kwa kuwa kila mchana nampelekea chakula ofisini. "Mguu wa kushoto unakufa ganzi, wifi. Usimwambie Hemedi." Hemedi ni mumewe, kaka yangu. Nikamkemea, maana mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali.

Nikamburuta hospitali. Beatrice, mtaalamu wa viungo, alimkalisha akamwonyesha: makalio yafike mwisho wa kiti, kiuno kiegemee, nyayo zote zikanyage chini, magoti yasipande, kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, na asikae muda mrefu bila kuinuka. Mwanahawa akauliza, "Nisipofanya hivyo?" Beatrice akasema, "Tusifike huko, dada." Jibu hilo lilitutia hofu kuliko lile tulilolitegemea.

Bosi wake, Mzee Isihaka, ni mtu mwema. Alisema nenda kachague kiti, ofisi italipa. Dukani nikamwonyesha kiti kirefu chenye mto wa kiuno, yeye akakimbilia kistuli kisicho na mgongo wowote.

"Hiki kingine ni cha kibosi," akaninong'oneza. "Mzee mwenyewe anakalia kiti cha mbao, mimi nijitandaze humu?"

"Mzee ndiye anayekufa ganzi?" Nikakikalia mwenyewe, nikavuta kile kijimkono cha chini yake, kikapanda, kikashuka, mto wake ukanishika kiunoni sawasawa. Tukachukua hicho.

Basi nikajua tumepona. Loo! Kesho yake namkuta amekishusha hadi mwisho, ili kichwa chake kisimpite Mzee, magoti yamepanda kifuani, ameketi ukingoni. Nyuma yake angeweza kukaa mtoto. Meza zao zilikuwa zinatazamana, na kwao binti hafundishwi kuegemea mbele ya mtu mzima. Ukiegemea, umemwambia humwoni.

"Wifi, hicho kiti kimenunuliwa kwa ajili ya mgongo au makalio?"

"Siwezi. Nikijaribu, mwili wenyewe unakataa."

Kila siku nikawa nagomba, kila siku anakaa vilevile. Hadi mchana mmoja nikaingia na bakuli la wali, nikamkuta jasho linamtiririka. "Wifi," akasema polepole, "mguu siusikii." Nikaugusa. Nikauminya. Alikuwa ananitazama usoni tu, akisubiri nimwambie kama nimeshaugusa. Astaghafirullahi, nilimwona mama yake mzimamzima.

Mzee Isihaka akainuka mbio. Nikamwaga yote bila kupanga maneno: mguu, mama yake, kiti, adabu. Akakitazama kile kiti. Kisha akasema, "Egemea, mwanangu."

Akajaribu. Mgongo ulipogusa tu, akaruka mbele huku analia. "Nisamehe, mzee wangu."

Mzee hakubishana naye. Akaikokota meza yake, akaizungusha ikatazama ukuta, akakaa akatupa mgongo, mtu mzima yule. "Sikuoni," akasema. "Haya, egemea."

Nikapandisha kiti, nikamsukuma makalio hadi mwisho, nikauweka ule mto kiunoni. Akaegemea. Lakini hisia za mguu hazikurudi. Jioni tukampeleka kwa Beatrice, akaanza mazoezi, na hapo Hemedi ikabidi ajue. Beatrice alisema hisia zitarudi, au hazitarudi, tuombe Mungu.

Tumeomba. Mwanahawa amekuwa akifanya kazi ameegemea, Mzee akitazama ukuta wake, na mimi nikiingia ofisini naogopa hata kuuliza hujambo.

Jana nimemkuta amefumba macho, vidole viko kwenye paja la kushoto, hafinyi.

"Unasikia?"

"Sijui. Naogopa kufinya kwa nguvu, wifi. Nisiposikia kitu je?"

Hasira zikanipanda. Nikaweka bakuli chini, nikalikamata lile paja, nikalifinya kwa nguvu zangu zote.

"Mamaaa!"

Yowe hilo lilifika mpaka barabarani. Mzee Isihaka akageuka kabla hajajizuia, wakatazamana ana kwa ana. Mwanahawa alikuwa analia na kucheka, anasugua paja, na mgongo wake haukubanduka kitini.