Bi Najma na Tangi Lisilo na Samaki

Kwa masikitiko makubwa, na kwa mshangao ambao haujapata kipimo, sisi wakazi wa jengo la ghorofa nne hapa Mchafukoge tunautangazia umma wa Dar es Salaam kwamba Bi Najma binti Abdulatif, fundi cherehani, mjane, mwenye akili timamu mpaka mwezi uliopita, amenunua tangi la samaki la lita sitini, amelitia kokoto, pampu, taa na maji, na hakutia samaki. Habari ziwafikie ndugu wa Gerezani, jamaa wa Upanga, na wote waliowahi kushonewa naye gauni la harusi.

Siku ya kwanza tulisema samaki wako njiani. Siku ya tatu tukasema foleni. Wiki ya pili ikaisha. Kila ukipita mbele ya mlango wake, ambao mchana haufungwi, unaliona tangi juu ya meza ya kukatia nguo: taa inawaka, mapovu yanapanda, maji yanazunguka kwa raha zake, na ndani hamna hata kiluwiluwi. Umeme wa Luku wa mjane unaliwa na maji matupu.

Kisa chenyewe ni dada yake, Mwanne, wa Upanga. Mwanne alikuwa anahamia Muscat kwa binti yake, ndege Jumapili ya mwisho wa mwezi, na alikuwa na samaki sita wa mapambo, wadogo kama kidole cha mwisho, mikia mipana kama khanga iliyoanikwa kwenye upepo. Wakakubaliana hivi: Jumamosi, siku moja kabla ya safari, samaki wanakwenda kwa Bi Najma ikiwa maji yake yatakuwa tayari. Yasipokuwa tayari, wanachukuliwa na jamaa mmoja mwenye mgahawa. Huyo ana tangi kubwa pale kaunta, na ndani yake anaishi kambale mmoja mnene sana. Haijulikani kanenepa kwa kula nini, ila wenzake hawaonekani.

Maji kuwa tayari. Maneno hayo yalitusumbua. Sisi maji tunayajua ya aina mbili tu, yaliyotoka na yaliyokatika.

Aliyemfundisha habari ya maji kuwa tayari ni Hamis, muuza vifaa vya samaki kwenye kichochoro kimoja cha Kariakoo. Siku aliyonunua tangi, Bi Najma alitaka na samaki wawili wa kujaribia.

"Mama, samaki sikuuzii," Hamis akasema.

"Wamekwisha?"

"Wapo. Maji yako ndiyo hayapo."

Tunarudia kwa faida ya walio mbali. Mfanyabiashara wa Kariakoo, saa nne asubuhi, mteja kasimama mbele yake na hela mkononi, kasema siuzi. Jengoni kwetu kuna mtu aliuziwa sokoni humo viatu viwili vyote vya kushoto, na akashukuriwa. Tulipozisikia habari za Hamis tulidhani mgonjwa.

Hakuwa mgonjwa. Alimkalisha kwenye kigoda akamweleza. Samaki akila, anakunya. Uchafu huo unatoa amonia, ile ile inayokupiga pua ukiingia choo cha stendi, na amonia inaua samaki. Wapo bakteria wanaoila amonia wakaigeuza kitu kinaitwa nitriti, ambayo nayo inaua. Wapo bakteria wengine wanaoila nitriti wakaigeuza nitrati, na hiyo samaki anaivumilia, wewe unabadili maji kidogo kidogo tu. Bakteria wote hao hujizalia wenyewe kwenye sponji ya pampu, polepole, wiki nne au tano. Kazi yako ni kuwalisha na kupima.

"Nitawalisha nini?" Bi Najma akauliza.

"Kitu kioze."

Basi Bi Najma akaenda soko la samaki la Feri, akanunua kamba wabichi, akamfunga mmoja kwenye kipande cha kitambaa cha shela, akamtumbukiza. Jengo lilitikisika. Kuna familia humu zinamwona kamba kwenye kalenda tu, na huyu mama anamlisha maji.

Kila asubuhi baada ya swala, kabla hajagusa cherehani, anachota maji ya tangi kwenye kichupa cha kioo, anatia matone ya dawa, anatikisa, anasubiri, analinganisha rangi na karatasi aliyopewa na Hamis. Amonia: njano maana yake hakuna, kijani maana yake ipo. Nitriti: buluu hakuna, zambarau ipo. Anaandika kwa chaki ya fundi ukutani. Wiki ya kwanza kijani. Ya pili kijani cha kutisha, na harufu juu yake. Ya tatu kijani kikaanza kufifia, zambarau ikaja kama ya msiba wa askofu.

Wapo waliosema ni ramli. Mtu anayetikisa kichupa, akatazama rangi kwa jicho moja, akaandika ukutani, utasema ni nini? Mzee Rogath, mwenyekiti wa kamati ya jengo, muuza spea Gerezani, alipanda mwenyewe kwenda kukomesha uvumi. Akashuka baada ya nusu saa. Kesho yake alionekana anapanda tena na chupa ya maji yake ya kunywa, kaificha ndani ya koti.

Wiki ya mwisho, Jumatano asubuhi, amonia njano. Nitriti buluu. Bi Najma alipeleka vichupa dirishani kwenye mwanga wa jua, akarudi, akapima upya, akapeleka tena. Kisha akapika chapati, na ngazi nzima tulikula.

Alhamisi akaenda Gerezani kwenye arobaini ya shoga yake. Ufunguo akaacha kwa jirani wa mlango wa pili, kama siku zote.

Sasa, jirani huyo ni Severa, ambaye humu tunamwita Mama Evelyn. Anauza ndoo, mabeseni na brashi kwa jumla pale Kariakoo, na moyo wake ni mkubwa kuliko stoo yake. Mama Evelyn alijua Jumamosi Mwanne anakuja kuleta samaki na kuaga. Akaingia kuweka kikombe alichoazima, akaliona tangi kwa karibu. Sponji imekuwa ya kahawia, ina utelezi. Kokoto zina ukungu. Kamba kaoza ndani ya shela. Akajisemea, mgeni wa Muscat atalikuta hili? Sisi tutaiweka wapi sura?

Jirani mwema hasubiri kuombwa. Alimwaga maji yote. Kokoto alizisuuza mara saba. Sponji aliifua kwa sabuni ya unga, akailoweka kwenye dawa ya kung'arishia mashuka, akaikamua mpaka ikawa nyeupe kama siku ya kununuliwa. Kamba akamtupa. Akajaza maji ya bomba, akafuta kioo kwa gazeti, akawasha taa. Lilipendeza. Tulipanda kwenda kutazama, tukampongeza.

Bi Najma aliporudi alisimama mlangoni na baibui lake, hakuvua viatu. Alitazama sponji. Kisha akakaa chini, sakafuni, pale pale kizingitini, mkoba mapajani.

"Mama Evelyn. Umeniulia wote."

"Nimemuua nani, Bi Najma? Humo hamna samaki."

"Bakteria."

Mama Evelyn akainama kulitazama tangi. "Vijidudu?"

"Wiki tano nimewalea."

"Lakini mama yangu, mimi dukani nauza brashi zimeandikwa kabisa, zinaua vijidudu asilimia tisini na tisa."

"Na hiyo moja iliyobaki umeiloweka."

Kabla ya alasiri habari zilikuwa zimeshuka mpaka barabarani: Bi Najma kafiwa. Mzee Rogath, ambaye hachelewi, alikuwa ameshafungua kundi la WhatsApp la rambirambi na watu wawili wameshaahidi mchele. Akaja na uso wa msiba, akauliza marehemu ni nani na anazikwa wapi. Alipojibiwa, alitoka taratibu akalifunga kundi. Wa mchele wakaambiwa watulie.

Zimebaki siku mbili. Hamis alipigiwa simu, akasema wiki tano haziwezi kuingia kwenye siku mbili. "Ila kama unamjua mtu mwenye tangi lililokomaa, sponji yake chafu ina wote unaowataka. Isikauke tu. Na safari hii maji ya bomba ulaze kwenye ndoo siku nzima, dawa yake itoke. Usipofanya hivyo itawaua na hao."

Mtu mwenye tangi lililokomaa yuko Upanga. Bi Najma alikunja uso kama aliyeambiwa anywe mwarobaini. Kisha akavaa tena baibui, akachukua ndoo yenye mfuniko, akamwita Mama Evelyn, wakapanda bajaji. Yaliyotokea huko kasimulia Mama Evelyn, na mpaka leo hajapona.

"Shikamoo dada," Bi Najma akasema mlangoni.

"Marahaba. Kulikoni? Kaa unywe chai."

"Sina nafasi. Nipe sponji ya pampu yako."

"Hiyo chafu?"

"Hiyo hiyo. Usiioshe."

"Najma, maji yako yameharibika?"

"Maji yangu mazima."

Mwanne akampa nusu, akabaki na nusu kwa ajili ya samaki wake. Bi Najma aliiweka kwenye ndoo pamoja na maji ya tangi la dada yake, akaipakata njia nzima. Barabarani bajaji iliruka tuta. Akamwambia dereva, "Baba, polepole, nina abiria humu." Dereva akageuka kutazama, akaona sponji ya kahawia inaelea. Akaendesha polepole mpaka Mchafukoge.

Maji aliyolaza kwenye ndoo tangu Alhamisi jioni aliyatia Ijumaa jioni, baada ya kumwaga yale ya Mama Evelyn. Sponji ya Upanga ikafungwa kwenye pampu. Kamba mwingine akatoka kwenye friza, wa kuwajaribu kama kweli wanakula. Na kwa kuwa kamba mbichi haozi kwa usiku mmoja, akaongeza kijiko cha maji ya yule aliyeoza, ambayo Mama Evelyn aliyachota mwenyewe kwenye ndoo ya taka, kwa toba.

Jumamosi alfajiri amonia ilikuwa kijani hafifu. Saa tano bado. Mwanne akapiga simu: jamaa wa mgahawa keshafika, kakaa sebuleni, kaja na ndoo yake. Bi Najma akamwambia ampe soda.

Saa nane mchana alichota tena. Kwenye korido tulikuwa watu kumi na wanne. Matone. Akatikisa. Dakika tano ndefu kuliko hotuba. Njano. Akatia dawa ya pili kwenye kichupa kingine, na Mama Evelyn akafumba macho.

Buluu.

Saa kumi na moja Mwanne alifika na samaki kwenye ndoo. Bi Najma aliwaongezea maji ya tangi lake kikombe kimoja kimoja, karibu saa nzima, wasishtuke. Kisha akawaingiza kwa kijinyavu. Sita wakateremka, wakasambaa, wakaanza kunyonya kokoto kama wamezaliwa Mchafukoge. Mwanne alifuta machozi, akanywa chai, akaenda kufunga mizigo.

Alipoondoka, Mzee Rogath alisimama mbele ya tangi, akakohoa, akatuomba utulivu. Akasema jengo hili limeshuhudia subira ya ajabu. Kisha akamgeukia mwenyewe.

"Bi Najma, tuambie, na vijana wasikie. Ni nini kilichokusukuma wiki tano zote hizi? Ni huruma kwa viumbe? Ni upweke, tangu mzee atutoke?"

Bi Najma alikuwa anaandika ukutani kwa chaki.

"Mwanne alisema sitaweza," akajibu. "Sogea kidogo, unawazibia taa."