Barua za Maman kwenda Idjwi

Mhariri alinirudishia hadithi yangu akiwa ameishika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi ndani ya mchuzi. Yeye ndiye aliyekuwa anakusanya hadithi za kikundi chetu cha wasomaji, pale parokiani Bukavu, ili zitoke katika kitabu kimoja. Alinitajia mwandishi mmoja mashuhuri ambaye vitabu vyake vinafundishwa chuo kikuu.

"Hii style ni yake yote," akasema. "Umekopi. Andika tena kwa sauti yako mpaka Ijumaa, ao hautaingia mu kitabu."

Sikuwahi kumsoma mwandishi huyo hata ukurasa mmoja. Nilimwambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu alitabasamu. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, nikasahau hata mwavuli wangu.

Kesho yake niliazima kitabu cha huyo mwandishi kwa rafiki anayefundisha. Nilikifungua nikitafuta makosa. Kufikia ukurasa wa kumi nilikuwa nimeacha kuyatafuta. Mtu anafiwa, mwandishi hasemi kilio. Anasema kiti kimesogezwa ukutani. Sentensi fupi, vyombo vya nyumbani, basi. Hivyo ndivyo ninavyoandika mimi. Iliniuma, nakiri, maana nilikuwa najidhani niko peke yangu.

Siku mbili nilijaribu sauti nyingine. Nilijaza machozi kila mstari, na mioyo iliyopasuka. Nilipomsomea maman, mama yangu mzazi, aliacha kuchambua maharage.

"Huyu mwenye kulia hivi ni nani?"

"Ni mimi, maman."

"Hapana. Miye sikukufundisha kulia mbele ya watu."

Hapo nikakumbuka barua. Maman hakwenda shule. Tangu utoto wangu yeye alisema, mimi nikaandika, na barua ikapanda boti kwenda kwa mjomba wangu kisiwani Idjwi. Mjomba naye hajui kusoma. Katekista ndiye aliyemsomea, uani, majirani wote wakisikiliza. Papa, baba yangu, alipofariki, nilitaka kuandika kwamba tunalia kila siku. Maman alinikataza kabisa.

"Andika: nimefua shati ya papa yako, nimeikunja, nimeiweka. Ndugu yangu atajua. Majirani haiwahusu."

Basi nikamsomea ule ukurasa wa mwandishi wenye kiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu naye alikuwa anaandika barua ya kusomwa mbele ya watu," akasema, akarudia maharage yake.

Nilizichana karatasi za machozi palepale. Hadithi itabaki ilivyo, nikaapa, hata wakinitoa kwenye kitabu. Maman akauliza ofisi ya huyo papa mhariri iko wapi.

Ijumaa alivaa kitenge cha Pasaka na viatu alivyonunua kwa harusi ya dada yangu, tukapanda kilima kwenye matope. Mhariri aliniuliza kama nimebadilisha.

"Sikubadilisha hata neno moja," nikamjibu.

Kabla hajafungua mdomo, maman alivuta kiti akakaa.

"Papa, kamata bic. Ninataka kuandikia ndugu yangu, iko Idjwi."

Mhariri alicheka kidogo, lakini aliikamata kalamu. Mama mtu mzima humkatalii. Maman akaanza kusema polepole, kama alivyozoea nami:

"Ndugu yangu, salamu. Leo mvua imenyesha. Nimevaa viatu vya harusi. Nimepanda mulima navyo. Mutoto iko pembeni yangu, anashika karatasi yake kwa mikono mbili. Papa wa hapa hajatupa maji ya kunywa."

Bic ikasimama. Mhariri aliisoma tena mistari ile, midomo yake ikicheza. Nilimwona akifika kwenye viatu, kisha kwenye mikono yangu, kisha kwenye maji. Aliangalia hadithi yangu, akamwangalia maman.

"Maman, umetukasirikia?"

"Miye sijasema hivyo. Andika."

Aliinuka, akatuletea maji katika glasi mbili. Kisha alichukua hadithi mikononi mwangu, safari hii kwa mkono mzima, akaiweka juu ya zile nyingine za kitabu. Hakuniuliza tena sauti ni ya nani. Maman alikunywa yote, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Sasa ongeza," akamwambia. "Tumepewa maji."